Nembo za Michezo na Heshima ya Watu

Nembo ni kitu kidogo chenye maneno mengi. Hushonwa juu ya kofia, huchorwa juu ya jezi na hupeperushwa juu ya uwanja. Na siku ya mchezo huwaunganisha maelfu ya watu wasiojuana, wakawa kama wana wa nyumba moja. Timu huchagua simba kwa nguvu zake, chui kwa wepesi wake, na tai kwa sababu huruka juu ya ndege wengine. Simba hakuulizwa, wala hana haja ya kuulizwa, maana simba hasomi magazeti wala hana mtoto anayekwenda shule. Lakini timu ikichagua watu kuwa nembo yake, jambo hubadilika. Hapo huzuka swali ambalo Marekani imelijadili kwa zaidi ya miaka 50: je, ni haki timu ya michezo kuvaa alama iliyobeba dharau ya zamani, ikiwa mashabiki wa leo hawakusudii dharau hiyo?

Swali hili halijibiki kwa hasira, wala halimalizwi kwa kusema kuwa huo ni mchezo tu. Ni swali la historia, na yatupasa kuanza na historia yenyewe.

Christopher Columbus alipofika visiwa vya Amerika mwaka 1492 alidhani amefika pande za Bara Hindi, akawaita wenyeji aliowakuta Wahindi. Kosa lake limeishi kuliko yeye. Hata Kiswahili kililipokea, kwa maana katika lugha yetu watu hao waliitwa Wahindi Wekundu, hali wao si Wahindi wala si wekundu. Wenyewe walikuwa na majina yao: Penobscot, Cherokee, Lakota, Seminole, na mengine mamia. Katika insha hii nitawaita Wamarekani wa asili.

Historia ya watu hao mikononi mwa wageni ni nzito. Mwaka 1755 serikali ya koloni la Massachusetts ilitangaza vita juu ya kabila la Penobscot, ikaahidi kulipa pauni 40 kwa kila ngozi ya kichwa cha mwanamume aliyeuawa, na pauni 20 kwa ya mwanamke au mtoto. Mwaka 1830 Marekani, ambayo sasa ilikuwa taifa huru, ilitunga sheria ya kuwahamisha wenyeji waliokaa mashariki ya mto Mississippi. Kwa sheria hiyo Wacherokee wapatao 16,000 waliondolewa makwao katika miaka ya 1838 na 1839, na inakadiriwa kuwa 4,000 kati yao walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Mwaka 1890, mahali paitwapo Wounded Knee, askari wa serikali waliwaua Walakota zaidi ya 150, wakiwamo wanawake na watoto wengi.

Waliosalia walitakiwa kuacha kuwa wao. Mwaka 1879 shule ya bweni ilifunguliwa Carlisle, katika jimbo la Pennsylvania, na nyingine nyingi zikafuata mfano wake. Watoto walinyolewa nywele zao ndefu, wakavuliwa mavazi yao, wakapewa majina mapya na kukatazwa lugha za mama zao. Msomaji wa Kenya ambaye babu yake alivishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani hatahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Kisha, mwaka 1883, serikali ilitoa kanuni za kukataza ngoma na ibada za wenyeji hao katika maeneo waliyotengewa. Mzee aliyecheza ngoma ya baba zake aliweza kunyimwa posho ya chakula au kufungwa. Katazo la ngoma halikuondolewa hata mwaka 1934.

Sasa na tutazame yaliyokuwa yakitendeka viwanjani katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 1926, katika Chuo Kikuu cha Illinois, mwanafunzi mzungu alivikwa mavazi ya chifu, akatoka katikati ya uwanja wakati wa mapumziko ya mchezo, akacheza ngoma aliyoibuni kwa kuigiza za wenyeji. Umati ukashangilia, na mchezo ule ukawa desturi ya chuo iliyodumu hadi mwaka 2007. Msomaji na aipime hali hiyo. Mwenye ngoma alikatazwa kuicheza kwa kuwa ilihesabiwa kuwa ushenzi. Asiye na ngoma aliruhusiwa kuicheza kwa kuwa ilihesabiwa kuwa furaha. Manyoya yaliyovuliwa kichwani mwa mtoto yalivikwa kichwani mwa mchezaji wa maigizo. Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wote juu ya nembo hizi, na anayesahau hapa hawezi kuelewa kwa nini jambo dogo kama kofia liliwaliza watu wazima.

Chukua mathalan mji wa Cleveland, katika jimbo la Ohio. Kati ya miaka ya 1897 na 1899 alicheza huko besiboli kijana hodari, Louis Sockalexis, wa kabila lile lile la Penobscot ambalo vichwa vyake viliwekewa bei mwaka 1755. Alipoingia uwanjani watazamaji walimpigia makelele ya kuigiza vita vya wenyeji. Alifariki mwaka 1913. Mwaka 1915 timu ya mji huo ilijiita Indians, yaani Wahindi, na baadaye ikasemekana sana kwamba jina lile lilikuwa la kumheshimu marehemu. Heshima hiyo ilionekana sura yake mwaka 1947, timu ilipochorewa nembo ya uso wenye pua kubwa, meno yaliyokenuliwa na unyoya mmoja kichwani. Mtu hamchori hivyo anayemheshimu.

Lakini historia haipendi hukumu nyepesi. Mwaka huo huo wa 1947 timu ya Cleveland ilimwandika Larry Doby, mchezaji wa kwanza mweusi katika ligi yake. Timu iliyofungua mlango kwa watu wa kabila moja lililodharauliwa ilibandika dhihaka ya kabila jingine juu ya kofia, na Doby mwenyewe akawa mtu wa kuivaa. Hili latufundisha kwamba mtu aweza kuwa mwadilifu katika jambo moja na kipofu katika jambo la pili, na kwamba wema wa jana si kinga ya kosa la leo. Sura ile iliondolewa katika mavazi ya timu baada ya msimu wa 2018, na jina likabadilishwa mwaka 2021 kuwa Guardians, yaani Walinzi, kwa ajili ya sanamu kubwa zilizo katika daraja moja la mji huo.

Mfano wa pili ni timu ya mji mkuu, Washington, inayocheza kandanda ya Kimarekani. Tangu mwaka 1933, ilipokuwa bado Boston, iliitwa Redskins, maana yake Wenye Ngozi Nyekundu. Wataalamu wa lugha wamegundua kwamba neno hilo halikuzaliwa tusi. Katika karne ya 18 baadhi ya wenyeji wenyewe walilitumia kujipambanua na wazungu. Lakini neno ni kama kisu, kazi yake hutegemea mkono ulioshika mpini. Mwaka 1863 gazeti moja la Minnesota liliwatangazia wasomaji wake kwamba zawadi ya serikali imepandishwa kufikia dola 200 kwa kila mmoja wa watu hao, kwa jina hilo hilo, atakayeuawa. Neno lililopita katika mikono hiyo halirudi kuwa kama lilivyozaliwa.

Mwaka 1992 mwanamke wa asili aitwaye Suzan Shown Harjo, pamoja na wenzake, waliiomba serikali ifute usajili wa jina hilo kama alama ya biashara, kwa hoja kwamba sheria haikuruhusu kusajili jina la kuwatweza watu. Kesi hiyo, na nyingine ya vijana iliyofuata, zilichukua miaka 25. Mwaka 2014 walishinda. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya watu wengine, iliamua kwamba serikali haina mamlaka ya kukataa alama kwa sababu ni ya matusi, kwa kuwa uhuru wa kusema unalindwa na katiba. Mwenye timu alikwisha kutamka mwaka 2013 kwamba hatalibadilisha jina kamwe. Ikawa kamwe hiyo ni miaka saba. Mwaka 2020, baada ya kuuawa kwa George Floyd kuiamsha nchi nzima juu ya ubaguzi wa rangi, makampuni makubwa yenye fedha zao katika timu yalidai badiliko, na jina likaachwa katika mwezi wa Julai. Tangu mwaka 2022 timu yaitwa Commanders, yaani Makamanda. Kwa hiyo lililoshindikana kwa sheria liliwezekana kwa aibu na kwa fedha.

Ni haki sasa kuwasikiliza wale walioyatetea majina na nembo hizo, maana hoja isiyojaribiwa haina nguvu.

Husema kwanza kwamba walikusudia heshima. Baadhi yao wasema kweli. Nembo ya Washington iliyotumika tangu mwaka 1972 ilipendekezwa na Walter Wetzel, kiongozi wa kabila la Blackfeet, aliyeona fahari kumwona mtu wa kwao amechorwa kwa adabu. Hilo halifichiki, wala halipasi kufichwa. Lakini picha yenye adabu iliyowekwa chini ya jina lenye dharau haiwezi kulitakasa jina. Na nia njema ya mpigaji haiondoi maumivu ya aliyepigwa. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijua maiti.

Husema pili kwamba walio wengi hawakuudhika. Mwaka 2016 gazeti la Washington Post liliwauliza Wamarekani wa asili 504, na tisa katika kila kumi wakajibu kuwa jina halikuwaudhi. Mwaka 2020 wataalamu wa California waliwauliza zaidi ya 1,000, wakaona kwamba karibu nusu waliudhika. Hesabu hizi mbili hazipatani, na hilo peke yake latosha kutuonya tusiweke heshima ya watu juu ya mizani ya kura. Kama katika darasa la wanafunzi 40 wanne wanaumizwa na jina la utani, mwalimu hatasema kwamba 36 wanacheka, basi na waendelee. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Husema tatu kwamba kuiondoa nembo ni kuifuta historia. Hoja hii yastahili kupinduliwa. Nembo ndiyo iliyoifuta historia, kwa kuwa iliwafanya watu wadhani kwamba Wamarekani wa asili ni viumbe wa zamani wenye manyoya na mashoka, hali wapo leo mamilioni, wakiwemo walimu, mawakili, wakulima na askari. Anayetaka kuikumbuka Wounded Knee na aisome katika kitabu. Kofia haikumfundisha mtu yeyote mwaka wa 1890.

Je, basi, ni haramu timu kujiita kwa jina la watu? La. Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kimeendelea kuitwa kwa jina la Seminole, na chama cha michezo ya vyuo kiliporuhusu jambo hilo mwaka 2005 sababu yake ilikuwa moja: baraza la kabila la Seminole la Florida lilikubali. Na hapa kwetu, klabu ya Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968, ina jina la mganga mashuhuri wa Wajaluo wa zamani, wala hakuna aliyetukanwa. Maana waliompa mpira jina lake ni wajukuu wake, na wanalitamka kama mtu anavyotamka jina la babu. Hata bendera yetu ya mwaka 1963 ina ngao na mikuki, alama tulizojichagulia wenyewe. Tofauti haimo katika ngao wala katika jina, bali katika mkono uliochagua.

Ugomvi huu haujafa. Mwaka 2025 Rais Donald Trump alizitaka timu za Washington na Cleveland zirudie majina yao ya kale, na wako waliomshangilia. Nami naona kwamba jibu la haki ni hili: alama iliyotokana na watu ni mali ya watu hao. Timu iombe kabla ya kuitwaa. Ikikubaliwa, iitunze kwa adabu. Na wenyewe wakiitaka irudishwe, irudishwe. Alama iliyotwaliwa kwa nguvu kutoka kwa walioshindwa, kisha ikavaliwa mbele yao kwa kicheko, haipati uhalali kwa kuwa imezeeka. Miaka 87 ya jina la Washington ilikuwa ni miaka 87 ya kutouliza.

Wanafunzi wengi mtakaosoma insha hii mtashiriki siku moja kuchagua jina la timu, la bweni au la chama. Mkifika hapo, msianze kwa kuuliza kama jina linatisha au linapendeza. Ulizeni kwanza ni la nani, na kama mwenyewe yupo, nendeni mkamwulize.