Janjira: Ngome ya Wahabeshi Iliyomshinda Shivaji

Kwenye lango la ngome ya Janjira, iliyo kisiwani karibu na mji wa Murud kusini mwa Mumbai, pamechongwa mnyama mithili ya chui aliyewabana tembo kwa makucha. Mabwana wa ngome hiyo kwa zaidi ya karne tatu walikuwa Masidi, watu ambao wazee wao walivushwa bahari kutoka Afrika, hasa Uhabeshi, wengi wakiwa watumwa.

Katika India ya enzi zile, mtumwa askari aliweza kupanda hadi kileleni. Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa zaidi ya mara moja, ndiye aliyeshika hatamu za dola ya Ahmadnagar hadi alipofariki mwaka 1626. Masidi wa Janjira nao walianza kwa kuitumikia Ahmadnagar. Ilipoanguka wakahamia Bijapur, kisha wakawa manahodha wa vita wa Wamoghul. Wapo wanaowaita vigeugeu. Lakini mwenye kisiwa kidogo namna ile, akizungukwa na wakubwa, angedumu vipi kwa kung'ang'ania bwana mmoja?

Shivaji, mfalme wa Wamaratha, aliishambulia Janjira mara kadhaa akashindwa. Kuta zimeota moja kwa moja kutoka majini, hakuna ufuo wa kuegemeza ngazi, na ndani mna madimbwi mawili ya maji baridi, kwa hiyo kiu haikuwa silaha ya adui. Mwanawe Sambhaji alikuja na wazo la ajabu mwaka 1682: kujaza mawe mkondo wa bahari ili jeshi lipite kwa miguu. Kazi ilikwama.

Waingereza nao walionja makali ya Masidi. Mwaka 1689 Sidi Yakut Khan, mkuu wao, alitua Bombay (Mumbai ya leo), akaiteka Mazagaon na kuwafungia Waingereza ndani ya ngome yao. Hakuondoka hadi 1690, baada ya Kampuni ya Uhindi Mashariki ya Waingereza kumwangukia Aurangzeb, mfalme wa Wamoghul, na kulipa fidia ya rupia 150,000.

Baadaye Wamaratha waliwanyang'anya Masidi sehemu kubwa ya ardhi ya bara, na Waingereza wakawaachia dola ndogo ya nawabu (mtawala mwenyeji) wa kupigiwa mizinga 11 ya heshima. Mwaka 1948 dola hiyo, ambayo raia wake wengi walikuwa Wahindu, iliunganishwa na India.

Leo mashua za tanga huwavusha wageni kutoka kijiji cha Rajapuri. Ukipanga safari, epuka Juni hadi Agosti: kusi huchafua bahari, na ngome hufungwa.