Ukusanyaji wa randa za kale

Ukusanyaji wa randa za kale ni shughuli ya kutafuta, kutambua na kuhifadhi randa za mkono za useremala zilizotengenezwa zamani. Tawi lake moja hujihusisha na randa za chuma za Marekani kutoka viwanda vyenye umaarufu mdogo kuliko kampuni ya Stanley.

Mfumo wa randa hizo ulibuniwa na Leonard Bailey, ambaye hataza zake zilinunuliwa na Stanley mwaka 1869. Muda wa hataza ulipokwisha, viwanda vingine viliuiga mfumo huo. Miongoni mwao ni Sargent ya New Haven na Union ya New Britain, vyote vya Connecticut, pamoja na Ohio Tool ya Columbus. Biashara ya randa ya Union ilinunuliwa na Stanley mwaka 1920. Millers Falls ya Massachusetts iliingia katika soko la randa mwaka 1929.

Utambuzi hutegemea chapa iliyopigwa kwenye kisu, namba ya modeli na umbo la vipuri. Namba 409 ya Sargent, kwa mfano, inalingana na namba 4 ya Stanley, na baadhi ya randa za Millers Falls zina kibanio cha kisu chenye bawaba.

Thamani huamuliwa na uhaba, ukamilifu wa vipuri asilia na hali ya chuma. Nyufa, kutu iliyokula chuma na vipuri vilivyobadilishwa huipunguza. Kwa watafiti, randa hizo ni ushahidi wa ushindani wa viwanda na mabadiliko ya ufundi seremala.