Kiingereza cha Jioni Kiboriloni

Barabara ya kupanda Moshi Kongwe inaanzia hapa Kiboriloni. Inaiacha lami ya kwenda Himo na kukata migombani hadi Kidia na Tsudunyi. Mtu akitaka kujua Kiingereza kilifikaje kwetu, aanze kwa kuipanda barabara hiyo. Mwaka 1885 wamisionari Waingereza wa CMS walijenga kituo huko juu kwa ruhusa ya Mangi Rindi, ambaye wasafiri wa siku zile walizoea kumwita Mandara. Wageni na wenyeji walielewana kwa Kiswahili, kilichokwisha kupanda mlimani pamoja na misafara ya pwani. Juni 1892 askari wa Mangi Meli, mwana wa Rindi, walilipiga jeshi la Wajerumani, na kamanda wake, von Bülow, akafa kwa majeraha. Wajerumani wakawashuku wamisionari Waingereza kuwa walikuwa upande wa Meli, nao wakafungasha mizigo wakahamia Taveta. Walutheri wa Leipzig wakachukua nafasi yao. Kiingereza kilikaa Moshi Kongwe miaka saba tu kikaondoka, kisha kikarudi Machi 1916 na majeshi ya Jenerali Smuts.

Nimeanzia mbali kwa makusudi. Nilifundisha shule za msingi hadi nikastaafu, na sasa nafundisha watu wazima Kiingereza jioni, hapa hapa Kiboriloni, soko likishafungwa. Wengi wanaokuja wanaingia wameinamisha vichwa, wakiamini wao ndio wa kwanza kujifunza lugha hii ukubwani. Ninawaeleza habari ya watu wa mlima huu waliokuwa na ndevu zao, au watoto mgongoni, walipoanza kujifunza lugha waliyoihitaji kazini.

Mmoja wao ni Joseph Merinyo wa Moshi Kongwe. Alilelewa na misheni ya Walutheri wakati wa Wajerumani. Waingereza walipokuja akawa karani na mkalimani wa Charles Dundas, yule ofisa wa wilaya aliyewahimiza Wachagga kulima kahawa. Mwaka 1925 wakulima walipounda chama chao, KNPA, Merinyo alikuwa kiongozi wake. Walowezi hawakutaka Mwafrika alime kahawa, na mabishano hayo yaliandikwa kwa Kiingereza, barua juu ya barua. Ilibidi awepo Mchagga wa kuzisoma na kuzijibu. Mwaka 1933 KNPA ikarithiwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake bado lipo katikati ya mji wa Moshi.

Upande wa shule, serikali ilifungua shule yake Moshi Kongwe miaka ya 1920, ile iliyokuja kuwa Sekondari ya Old Moshi. Kwa misheni hali ilikuwa nyingine. Bruno Gutmann, mchungaji wa Kidia kwa miaka mingi, alishikilia kwamba mtoto afundishwe kwa Kimochi, lugha ya mama yake, na Agano Jipya akalitafsiri kwa Kimochi. Ninamheshimu kwa hilo, kwa kuwa aliandika mambo ya wazee wetu ambayo sisi tungeyaacha yapotee. Lakini wazazi walikuwa wakiuliza jambo lingine: ni nani atakayesoma karatasi za kahawa?

Kiingereza cha shule kilikuwa chujio. Miaka minne ya kwanza mtoto alisoma kwa Kiswahili, kisha mtihani wa darasa la nne ukawakata walio wengi. Waliopenya wakaenda shule ya kati, na huko ndiko Kiingereza kiliposhika kasi. Aliyebaki nje alibaki bila lugha ya ofisi, hata kama kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko cha aliyepita.

Baba yangu alibaki nje. Alikuwa mpima mizani wa chama cha msingi cha kahawa, na kila msimu alipokea kutoka mjini karatasi za madaraja zilizoandikwa AA, A, B na PB, na pembeni maelezo ya Kiingereza juu ya kasoro: punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizochacha. Wakulima walimwuliza kwa nini kahawa ya fulani imelipwa zaidi, naye hakuwa na jibu. Basi akawa anapanda kwa karani mmoja jioni, amebeba chupa ya mafuta ya taa kama ada, na kujifunza maneno ya karatasi ile tu, mstari kwa mstari. Hakujifunza salamu, wala nyimbo, wala habari za mfalme. Mwisho wa mwaka aliweza kuwaeleza wakulima kwamba kahawa ilikaa kwenye maji kupita kiasi, na msimu uliofuata wakaitoa mapema. Daftari lake ninalo, na ndilo lililonifundisha kwamba mtu mzima hujifunza vizuri zaidi akianza na karatasi inayomsumbua.

Baada ya uhuru Moshi ilipata chuo kilicholijua jambo hilo. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa mwaka 1963, na leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Makatibu na watunza hesabu wa vyama walikuja kwa kozi, na waliobaki vijijini wakafuatwa na masomo kwa posta. Mweka nako, mwaka huo huo wa 1963, kikafunguliwa chuo cha wanyamapori kilichofundisha kwa Kiingereza vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Kisha ikaja 1967, Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Kilimanjaro ikawa miongoni mwa sehemu sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwisho wa 1971, pamoja na Upare, Mafia na Ukerewe. Mama yangu alisoma wakati ule, chini ya mti, mkono wake uliozoea jembe ukiibana chaki hadi inavunjika. Aliandika jina lake kwa Kiswahili, na nilikuwepo alipoliandika. Sitakubali mtu aseme ule mpango ulikuwa bure.

Hata hivyo kuna pengo lililobaki, na ni lazima lisemwe. Mtu mzima alipewa Kiswahili, wakati sekondari, mahakama kuu, benki na mikataba ya biashara viliendelea kwa Kiingereza. Mwaka 1975 vilianza vyuo vya maendeleo ya wananchi, kwa mfano wa vyuo vya watu wa Sweden, ambavyo Mwalimu Nyerere alivipenda. Mkoa wetu ulipata Msinga na Mamtukuna. Vilifundisha useremala, ushonaji, uashi, kilimo na mapishi, kwa lugha ambayo watu wanaiota usiku, na hilo lilikuwa jambo jema sana. Kiingereza kilibaki pembeni. Aliyekitaka alijisajili kwa masomo ya posta ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, au akatafuta mwalimu wa jioni kama baba alivyofanya, au baadaye akajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, ili apate kufanya mtihani wa kidato cha nne.

Kilichobadilisha darasa la jioni kabisa ni kuanguka kwa kahawa. Julai 1989 mgawo wa mauzo ya kahawa duniani ulivunjika, bei ikaporomoka, na vijana wa Moshi Kongwe, Uru, Machame na Marangu wakaacha kuutegemea mbuni. Wengine walishuka Kiboriloni kuuza mitumba, wengine wakapanda mlima na mizigo ya wageni. Wabeba mizigo wa Kilimanjaro hujiita wagumu, na jina linawastahili. Hulala kwenye geti la hifadhi usiku kusubiri kuitwa, kisha hubeba kilo 20 hadi kambi za juu wakati mgeni anatembea na kibegi. Mwaka 2003 ulianzishwa mjini Moshi mradi wa kuwasaidia wapagazi hawa, KPAP, unaoazima nguo za baridi na viatu bure. Mradi huo umekuwa ukitoa pia masomo ya Kiingereza. Kwa maoni yangu hilo ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyofanywa kwa lugha hiyo katika mkoa huu, ingawa sijakutana na kitabu cha historia ya elimu kinacholitaja.

Mtu wa nje hudhani mgumu anataka Kiingereza ili awe mwongoza watalii. Wapo wanaotaka hivyo, na ni njia halali ya kupanda ngazi. Lakini nilipowauliza wagumu wa darasa langu wanataka kuanza na nini, kijana mmoja alisema anataka kuelewa kinachosemwa siku ya mwisho. Siku hiyo wageni husimama mbele ya kundi, hushukuru, na kutaja bakshishi: kiasi gani kwa mwongozaji, kiasi gani kwa mpishi, kiasi gani kwa kila mpagazi. Kampuni aliyokuwa akibebea haikuwaandikia chochote. Mgeni alitaja, mwongozaji akatafsiri, na wagumu wakapiga makofi kwa kiasi walichotafsiriwa. Kijana alisema hana hakika kama aliwahi kuibiwa. Alichotaka ni kusikia kwa masikio yake.

Basi tukafanya somo la namba. Niliwagawa: mmoja mgeni, mmoja mwongozaji, waliobaki wapagazi. Mgeni anataja dola kwa Kiingereza, haraka na kwa lafudhi ya puani, na kila mpagazi anaandika alichosikia kabla mwongozaji hajafungua kinywa. Siku za mwanzo kumi na tano na hamsini zilichanganywa na karibu darasa zima. Tulirudia hadi ikakoma. Kisha tukaingia sentensi moja tu, ya kuuliza kwa adabu kama kiasi hicho ni cha kila mtu au cha kundi zima. Waliitamka pamoja, kisha mmoja mmoja, wamesimama. Wiki iliyofuata ilikuwa ugonjwa wa mwinuko: kueleza kwamba mgeni anaumwa kichwa, ametapika mara ngapi, tangu lini, na kwamba anayumba akitembea. Mgumu ndiye anayeliona hema la mgeni alfajiri, na maneno hayo yanaweza kuokoa mtu.

Akina mama wa mitumba walileta karatasi zao wenyewe. Belo la kilo 45 hununuliwa likiwa limefungwa, na kinachojulikana ni maandishi ya juu tu: aina ya nguo, daraja, uzito. Anayeshindwa kuyasoma huamini neno la muuzaji. Tulikusanya vibandiko vya mabelo, tukavipanga mezani, tukavisoma kimoja kimoja, na katika somo lile mimi ndiye niliyefundishwa yapi kati ya maneno yale huleta hasara.

Katika darasa yupo pia mzee mmoja mkulima kutoka Tsudunyi, mkubwa kwangu kwa umri. Akiingia ninampa shikamoo, ananiitikia marahaba, anakaa, anafungua daftari, na kuanzia hapo ananiita mwalimu. Anasoma kwa sababu kahawa inauzwa tena moja kwa moja kwa wanunuzi wa nje, na kikundi chao kimetumiwa mkataba wa kurasa nyingi. Amekataa kutafsiriwa. Anausoma mwenyewe, aya moja kwa wiki, na tayari amegundua kifungu cha unyevu wa punje ambacho kikundi kizima kilikuwa hakijakitambua.

Mtaala mpya unaanza Kiingereza darasa la kwanza, na watoto wa Kiboriloni wakisomeshwa vizuri watanufaika. Wazazi wao hawatarudi darasa la kwanza. Msinga kuna madarasa, kuna umeme na kuna walimu, na ninaamini chuo kama hicho kingeweza kupokea watu hawa jioni bila kuwauliza walifaulu nini mwaka gani. Nimeandika barua ya kupendekeza hivyo, na nimeambatanisha orodha ya masomo iliyotungwa na wanafunzi wenyewe: bakshishi na namba, ugonjwa wa mwinuko, maandishi ya mabelo, kasoro za kahawa. Muhula ujao tunaanza na mikataba ya kazi, maana ndiyo waliyoomba.