Historia: Chipu ndogo iliyoletea kompyuta rangi 256

Watu wengi wanaofungua picha kwenye simu hawajiulizi rangi zake zinatoka wapi. Nyuma yake kuna historia ya ufundi uliozaliwa kwa sababu ya uhaba: memori ilikuwa ghali, na mafundi walilazimika kufanya mengi kwa kichache.

Tarehe 12 Agosti 1981, kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta yake ndogo ya mtu binafsi. Kadi yake ya rangi, CGA, ilionyesha rangi 4 tu kwa mara moja katika picha. Mwaka wa 1984 ikaja kadi ya EGA, yenye rangi 16 zilizochaguliwa kati ya 64. Kwa grafu za ofisini zilitosha. Kwa uso wa binadamu, hapana: mashavu yalionekana kama yamepakwa chokaa.

Kwa nini hawakuongeza rangi tu? Tufanye hesabu. Picha yenye nukta 320 kwa 200 ina nukta 64.000. Ukiandika kwa kila nukta kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, unahitaji baiti 3 kwa nukta, yaani baiti 192.000. Wakati ule hayo yalikuwa makuta mengi.

Jibu lilikuwa ni kutumia namba. Fikiria duka lenye makopo 256 ya rangi, kila kopo na namba yake. Anayechora habebi rangi. Anaandika tu "hapa namba 17, pale namba 203". Namba moja inaenea katika baiti moja, basi picha nzima inachukua baiti 64.000, theluthi ya ile ya kwanza. Wazo hilo lilikuwa limekwisha kujaribiwa na Richard Shoup mwaka wa 1973, katika maabara ya Xerox kule California. Lakini mtambo wake ulikuwa mkubwa na wa bei kali.

Kilichobadilisha mambo ni kuingiza duka hilo lote ndani ya chipu moja. Kampuni ya INMOS, iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 1978 kwa pesa za serikali, ilitengeneza chipu iliyohifadhi makopo 256 pamoja na vigeuzi vitatu vya kupeleka nyekundu, kijani na buluu kwenye kioo. Kila rangi ilikuwa na ngazi 64. Zidisha 64 mara 64 mara 64: unapata rangi 262.144 za kuchagulia.

Mwezi wa Aprili 1987, IBM ilitoa kompyuta za PS/2 zenye mfumo wa VGA, na ndani yake chipu ya INMOS. Kampuni nyingine, kama Brooktree ya San Diego, nazo zikatengeneza za kwao zinazofanana. Waandishi wa michezo wakagundua faida nyingine: ukibadilisha rangi ndani ya kopo, nukta zote zenye namba ile zinabadilika papo hapo. Hivyo maji yalionekana kutiririka na moto kuwaka, bila kuchora picha upya.

INMOS ilijulikana zaidi kwa chipu yake ya transputer, iliyotegemewa kubadili dunia ya kompyuta. Mwaka wa 1989 ilinunuliwa na SGS-Thomson. Transputer haikufika ilikotarajiwa. Kichipu cha rangi, ambacho wachache walikisifu, ndicho kilichosaidia kufungua njia ya rangi nyingi katika kompyuta za watu wa kawaida.

Katika miaka ya 1990 memori ilishuka bei, na duka la makopo likamezwa ndani ya chipu kubwa za picha. Lakini wazo halikufa. Picha za GIF, zilizoanza mwaka ule ule wa 1987, bado zinatumia orodha ya rangi zisizozidi 256. Kwa familia iliyo mbali na kwao, yenye mega chache kwenye simu, hesabu ya mwaka wa 1987 ingali na maana: nembo au mchoro wa rangi chache ukihifadhiwa kwa namba hula mega kidogo, na hufunguka hata pale mtandao unaposuasua.