MWALIMU WA RABAI NA MTU WA UEMBU



Kabla hatujafika kwenye hesabu za fedha, tumeona vema tukumbushane habari moja ya kale ihusuyo mto Tana, upitao karibu na kilima chetu cha Kiambere. Maana kumbukumbu nayo ni mali ya chama.

Tangu zamani elimu ya dini ilikuwa na makao yake pwani. Katika miji ya Lamu na Mombasa wanavyuoni walifundisha misikitini, na wengine walivuka bahari kwenda Arabuni kutafuta elimu. Mwaka 1844 alifika Mombasa Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na Church Missionary Society. Mwaka huo huo alimzika mkewe na mtoto wao mchanga, wala hakurudi kwao wakati huo. Alijifunza Kiswahili, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na kadhi wa Mombasa akamsaidia. Hivyo mwenye dini moja alimfundisha lugha mwenye dini nyingine. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walianzisha misheni ya Rabai.

Kutoka Rabai Krapf alikwenda kwa miguu hata Ukamba, kwa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa pembe za ndovu. Tarehe 3 Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya kwa mbali. Huko kwa Kivoi alikutana na mtu wa Uembu, jina lake Rumu wa Kikandi. Huyo alimweleza kwamba amefika mlimani mara nyingi, ila hakupanda juu sana kwa sababu ya kitu cheupe chenye baridi kali. Na kwamba kutoka katika weupe huo maji hushuka yakaulisha mto Tana.

Krapf aliandika maneno hayo. Huko Uingereza mtaalamu William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga nchi hizi, alikataa kabisa kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Lakini mwaka 1883 Joseph Thomson aliuona mlima na weupe wake, na mwaka 1899 Halford Mackinder alifika kileleni. Mtu wa Uembu alikuwa amesema kweli miaka hamsini kabla.

Mwaka 1851 Krapf alirudi, akafuatana na Kivoi kuelekea Tana. Karibu na mto walishambuliwa, Kivoi akauawa. Krapf alikimbia peke yake, kiu ikimtesa, mpaka akaufikia mto akanywa. Kwa kuwa hakuwa na kibuyu, alijaza maji katika ala ya darubini yake na katika mtutu wa bunduki, akarudi akijificha mchana na kutembea usiku. Safari hiyo haikuzaa misheni wala shule. Lakini mbegu haikufa: mwaka 1903 chuo cha kufundishia wachungaji kilianzishwa Frere Town, kikahamia Limuru mwaka 1930, na mwaka 1910 misheni ya Kigari ilifunguliwa huku Embu.

Basi, wazee wetu, lipo neno moja la kutafakari. Rumu hakujenga chuo wala hakuandika kitabu. Twamjua leo kwa sababu mgeni aliyemsikiliza aliuliza jina lake akaliandika. Wangapi wengine waliobeba mizigo, walioonyesha njia, waliofasiri maneno, ambao majina yao yamepotea? Na hapa kwetu, ni nani waliowafundisha watoto wa kwanza kusoma? Ni nani walioujua mto huu na vivuko vyake, kabla bwawa la Kiambere halijakamilika mwaka 1988 na maji kufunika mabonde?

Wenye kuyajua hayo wanapungua kila mwaka. Kwa hiyo twaomba kila mwanachama aketi na mzee wa nyumbani kwake, aulize, aandike majina, amletee katibu. Mto haurudi nyuma, lakini habari zake zaweza kuhifadhiwa. Tusingoje mgeni mwingine aje kutuandikia.