Mbwa wa Kazi na Mbwa wa Maonyesho

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuziona kurasa hizi, ulizozizoea kwa habari za maulamaa na miji ya kale, leo zinazungumza habari za mbwa. Wengi wetu tumelelewa katika nyumba ambazo mbwa akigusa nguo kwa unyevu, basi ni kuosha mara saba, moja kwa mchanga, na hukumu hiyo iko pale pale katika madhehebu yetu ya Shafii. Lakini elimu hiyo hiyo iliyotufundisha kuosha, ilitufundisha pia kuwa yuko mbwa mwenye ruhusa ya kufugwa: wa kuwindia, wa mifugo na wa shamba. Na aya ya nne ya Suratil Maida imehalalisha windo analolikamata mnyama aliyefundishwa.

Nilikuwa nikisomesha mlango huo wa windo, kijana mmoja akauliza: "Maalim, mbwa huyo awe wa namna gani? Mrefu au mfupi? Wa rangi gani?" Wenziwe wakacheka. Nikamjibu kuwa mafakihi hawakushughulika na umbo lake. Walichotaka ni kuwa ukimtuma aende, ukimkataza asimame, akikamata asile, na ayarudie hayo hata ijulikane kuwa amefunzika. Yote hayo ni vitendo. Basi nikawa nalifikiri swali la yule kijana, maana Wazungu wa karne iliyopita na iliyo kabla yake waliligeuza hilo hilo likawa ndilo swali lenyewe, na lililowafika mbwa wao wa kazi ni jambo la kujua.

Kwa karne nyingi mchungaji wa kondoo katika milima ya Scotland na kaskazini ya Uingereza hakumwuliza mbwa wake nasaba. Masikio yasimame au yalale, manyoya yawe marefu au mafupi, yote kwake sawa. Alichotaka ni mbwa atakayepanda mlima peke yake, awazunguke kondoo waliotawanyika, awakusanye bila ya kuwauma na kuwashusha kwa bwana wake, akisikiliza mluzi tu kutoka mbali. Mbwa wa namna hiyo huwakabili kondoo kwa macho, huku ameinama kama paka anayevizia. Aliyeweza kazi hiyo ndiye aliyezalishwa. Wala tusiwasifu wachungaji hao kupita kiasi, kwani mbwa asiyefaa kazi mara nyingi alipigwa risasi.

Mambo yalianza kubadilika mjini. Mwezi wa Juni mwaka 1859, katika mji wa Newcastle, yalifanywa maonyesho ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake. Waliletwa mbwa 60 wa kuwindia ndege, na zawadi zilikuwa bunduki. Mbwa walikuwa wa aina mbili, na kila aina ilikuwa na waamuzi wake. Mwamuzi wa aina ya kwanza alishinda kwa mbwa wake katika aina ya pili, na mwamuzi wa aina ya pili akashinda kwa mbwa wake katika aina ya kwanza! Hilo nakuachia wewe mwenyewe, msomaji.

Kisha ukaja mwaka 1873, mwaka ambao Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Mwaka huo mmoja zilifunguka njia mbili kwa mbwa wa Uingereza. Huko London kiliundwa chama kiitwacho Kennel Club, cha kusimamia maonyesho na kuandika nasaba za mbwa katika daftari. Na huko Bala, katika nchi ya Wales, yakafanywa mashindano ya mbwa wa kuchungia: mbwa anapewa kondoo, na watu wanatazama atawapeleka vipi. Akashinda Mskoti mmoja, James Thomson, na mbwa wake aitwaye Tweed. Penye uwanja wa London mwamuzi alitazama mwili, na penye malisho ya Bala alitazama kazi.

Sasa tuiangalie njia ya London, maana ndiyo iliyokuwa na wafuasi wengi. Chama huandika sifa za kila aina: kichwa kiwe hivi, mgongo hivi, mkia hivi. Mwamuzi ana dakika chache kwa kila mbwa. Ataona nini katika dakika hizo? Ataona manyoya, meno, na namna anavyokwenda kwenye zulia. Subira ya mbwa, akili yake na nguvu zake za kutwa nzima hazionekani hapo. Basi mfugaji naye huzalisha kile kinachoonekana. Na dume aliyeshinda hutakwa na kila mtu, hata baada ya vizazi vichache aina nzima ikawa ni ndugu kwa ndugu, na maradhi yaliyojificha katika damu yakakutana. Zaidi ya hayo, kilichopendwa kidogo mwaka huu hupendwa zaidi mwaka ujao. Uso mfupi ukawa mfupi zaidi.

Mfano ulio wazi ni buldogi. Asili yake alikuwa mbwa wa kupiganishwa na ng'ombe dume, mchezo mwovu uliokatazwa kwa sheria Uingereza mwaka 1835, na kukatazwa kwake ni jambo la kheri. Kazi ile ikafa, mbwa akabaki, akaingia katika maonyesho. Leo pua yake imedidimia, hupumua kwa taabu, na kichwa cha watoto wake ni kikubwa hata wengi huzaliwa kwa kupasuliwa mama.

Lakini linalonisikitisha zaidi ni la mbwa wa mchungaji wa Kijerumani, huyu tunayemjua hapa kwetu kwa jina la mbwa wa polisi. Kazi yake huko kwao ilikuwa kuwa ukuta unaotembea. Mashamba hayakuwa na ua, kondoo walilishwa kando ya nafaka za watu, na mbwa alikwenda na kurudi mpakani kutwa nzima ili wasivuke. Mwaka 1899 Kapteni Max von Stephanitz alimnunua mbwa mmoja, akamwita Horand, akaunda chama cha kumlea mbwa wa aina hiyo. Yeye alishikilia kuwa uzuri wa mbwa huyu ni kufaa kwake kwa kazi. Alikufa mwaka 1936. Baada yake waliopenda maonyesho na waliopenda kazi walizidi kufarikiana, hata leo ni kama mbwa wa aina mbili chini ya jina moja. Wa maonyesho mgongo wake huteremka, na miguu ya nyuma imekunjika. Mwaka 2016, katika maonyesho makubwa ya Crufts yaliyoanzishwa mwaka 1891, mshindi wa aina hiyo alionekana katika televisheni akienda kwa taabu, na watu wakapiga kelele. Chama kikaongeza katika sifa zake kuwa mbwa aweze kusimama kwa raha bila ya kushikiliwa. Hebu zingatia, mbwa wa kutembea kutwa nzima amefika pa kuandikiwa sharti la kuweza kusimama!

Na wale wa njia ya Bala? Mwaka 1906 wachungaji waliunda chama chao cha kimataifa. Mbwa wao, waitwao koli wa mpakani, wengi wao nasaba zao zinamrudia dume mmoja, Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893 kwa mkulima Adam Telfer. Chama hicho hata mbwa asiyekuwa na nasaba humwandika, akithibitisha kazi yake mbele ya wajuzi. Kennel Club iliwakubali mbwa hawa katika maonyesho mwaka 1976. Chama cha maonyesho cha Marekani kilipowakubali mwaka 1995, wenye mbwa wa kazi walipinga sana, kwani walikwisha ona yaliyowafika wengine. Hata hivyo yalifanyika.

Nimalizie kwa mbwa aliye karibu nasi zaidi, saluki, mbwa wa Waarabu mwenye mbio, ambaye Bi Florence Amherst alianza kumfuga Uingereza mwaka 1895 na aliyeandikwa na Kennel Club mwaka 1923. Mabedui walimchagua jangwani kwa sungura na paa aliowakamata. Siku hizi kuwinda kwa mbwa kumepungua sana huko Ghuba, na jamaa zetu walioko Abu Dhabi wanajua kuwa saluki hushindanishwa kwa namna mbili: kuna mashindano ya mbio, na kuna mashindano ya uzuri. Kila mfugaji wa huko sasa, anapochagua dume la kuzalisha, ana zawadi mbili mbele yake.