Weusi Unaolika

Siku niliyounguza boneti ya gari jeusi la watu nilikuwa na miezi minne tu kazini. Nilikuwa nimeshika mashine ya polishi iliyo kama grenda, ile isiyojua kusamehe. Redioni kulikuwa na mpira, nikazubaa kwenye ukingo wa boneti. Kuinua mkono, naona doa la kijivu linanitazama. Praima! Fundi wangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Dogo, hapo si polishi tena, hapo ni kupiga rangi upya." Mshahara wangu wa mwezi ule uliishia kwenye boneti ile.

Ndipo nikaanza kujiuliza: hivi weusi huu umetoka wapi?

Ndugu msomaji, huenda unajua kuwa tangu 1914 hadi 1925 Ford Model T ya Marekani ilitoka kiwandani kwa rangi moja tu, nyeusi. Lakini je, unajua rangi ile iliitwaje? Japan! Ilikuwa na lami ndani yake na ilikaushwa kwenye tanuri, haikuwa na Ujapani wowote. Jina walilirithi kwa Wazungu wa zamani, walioona makasha meusi ya Japani yaking'aa kama maji ya kisima, wakajaribu kuyaiga. Wajapani wenyewe hutumia utomvu wa mti, urushi. Huutia chuma uwe mweusi, hupaka tabaka juu ya tabaka, husugua kwa mkaa, na mwishoni kwa unga laini na kiganja. Kiganja, bwana! Hapana umeme, hapana mpira redioni.

Mwaka 1923 General Motors wakaleta magari ya Oakland yaliyopakwa Duco, rangi ya DuPont. Ilikauka kwa saa badala ya majuma, ila haikutoka na mng'ao wake. Ilibidi isuguliwe. Rangi nyingine zikarudi barabarani, na Ford naye akalegeza kamba kwenye magari yake ya 1926.

Gari la siku hizi lina rangi chini na tabaka angavu juu, kwa kawaida jembamba kuliko unywele. Mimi nilidhani mashine inaziba mikwaruzo. Wapi! Inakula sehemu nzima iliyozunguka mkwaruzo mpaka ilingane na kina chake. Weusi humeza mwanga, kwa hiyo kinachorudi jichoni ni kingo za mikwaruzo, ule utando wa buibui unaouona ukisimama juani. Gari jeupe lina mikwaruzo ileile, linajua tu kutunza siri.

Sasa natumia mashine inayozunguka huku ikiyumba, haichomi haraka. Kingo nazibandika utepe. Naanza na dawa kali, namalizia na laini, na kila mara nagusa kwa kiganja kama pamepata moto.

Wiki iliyopita alikuja mwenye gari la harusi, jeusi, mara ya tatu mwaka huu. Nikaweka kipimo cha unene kwenye boneti, nikamwonyesha namba.

"Mzee, hapa hakuna cha kusugua tena."

"Kijana, hela yangu huitaki?"

Naitaka, tena kodi ya chumba ilikuwa imefika. Nikaliosha, nikalifuta, nikamrudishia hela ya polishi. Akasema ataenda kwa fundi mwingine.

Akaenda.